Kibao cha kaburi la Jenerali Braddock, US 40: simama, ila usiishie kwenye mnara

Kibao kilichosimama kando ya barabara ya US 40 karibu na Farmington, kusini-magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, kina kazi moja kinayoifanya vizuri na nyingine kinayoiharibu. Kinakusimamisha mahali penyewe hasa, na hilo ni jema. Ubaya ni kwamba kikishakusimamisha, kinakuachia uende kwenye jiwe kubwa linaloonekana, ukapige picha mbili na kuondoka, ilhali kitu kilichokufaa ukione kiko chini kidogo, bondeni, na hakina fahari yoyote.

Aliyezikwa hapo ni Meja Jenerali Edward Braddock, kamanda wa majeshi ya Uingereza katika Amerika ya Kaskazini, aliyekufa tarehe 13 Julai 1755 kwa jeraha la risasi. Marekani ilikuwa bado haijazaliwa. Pennsylvania na Virginia zilikuwa makoloni ya mfalme wa Uingereza, na ng'ambo ya milima Wafaransa walikuwa na ngome yao, Fort Duquesne, pale ulipo mji wa Pittsburgh leo. Braddock alitumwa kuiteka. Hakufika.

Tuanze na kufika, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukiandika "Braddock" peke yake kwenye ramani ya simu, itakupeleka kwenye mji mdogo wa Braddock ulio ukingoni mwa mto Monongahela, jirani kabisa na Pittsburgh. Huko ndiko vita vilikopiganwa, kaburi haliko huko. Kaburi liko mwendo wa karibu saa moja na nusu kutoka Pittsburgh, milimani. Andika Fort Necessity National Battlefield, kwa sababu kaburi ni sehemu ya hifadhi hiyo ya taifa, kisha kutoka lango kuu la hifadhi endesha kuelekea magharibi kwa US 40 maili moja tu, yaani kilomita 1.6. Anayetoka Uniontown atapanda mlima kupitia Hopwood na atalikuta kaburi kabla ya kufika Fort Necessity, baada ya maili kumi hivi. Anayetoka Washington au Baltimore ashike I-68, atoke Keysers Ridge, aingie US 40 kuelekea magharibi.

Kwa madereva wa malori, na wasomaji wa Kiswahili waliomo kwenye kazi hiyo Marekani si wachache: hapa si pa kuingiza tela. Maegesho yametengenezwa kwa magari madogo na kugeuza ni taabu. Halafu mteremko wa kushukia Hopwood ni mrefu na mkali, barabara yenyewe ina sifa mbaya kwa magari yaliyoishiwa breki. Shusha gia ukiwa bado juu, usingoje mpaka uanze kusikia harufu. Mwenye gari dogo apunguze mwendo mapema tu, kwa kuwa mahali penyewe panatokea ghafla kati ya miti.

Sasa kibao. Ni vile vya jimbo la Pennsylvania, rangi ya samawati na herufi za manjano ya dhahabu, nembo ya jimbo ikiwa juu. Vibao vya kwanza vya jimbo, vya mwaka 1914, vilikuwa vipande vya shaba nyeusi vilivyobanwa kwenye miamba na majengo. Vilipendeza, lakini mtu aliyemo ndani ya gari hakuviona. Kuanzia 1946 tume ya historia ya jimbo ikaleta hivi vya alumini juu ya nguzo, na leo vimepita 2,500. Viko vya namna mbili. Vya mjini vina maneno mengi kwa herufi ndogo, kwa ajili ya mtu anayepita kwa miguu. Vya barabarani vina maneno machache kwa herufi kubwa, vimechapwa pande zote mbili, na husimamishwa vikikata mwelekeo wa barabara ili anayekwenda na anayerudi wote waone. Hiki ni cha barabarani.

Namna vinavyotengenezwa inaeleza kwa nini vinadumu. Herufi hupangwa juu ya ubao wa kielelezo, ubao ukakandamizwa kwenye mchanga wenye unyevu, mchanga ukabaki na alama, alumini iliyoyeyuka ikamiminwa humo. Ikipoa husuguliwa kingo, hupakwa rangi ya chini kibao kizima, kisha rola yenye rangi ya pili hupitishwa juu juu ikagusa herufi tu, kwa sababu herufi zimeinuka. Ndiyo maana hata rangi ikichakaa kabisa maneno hayapotei: unaweza kuyasoma kwa vidole. Alumini haili kutu kama chuma. Kinachoimaliza ni jua linalofifisha manjano, chumvi inayomwagwa barabarani msimu wa theluji ikarushwa na matairi na kubandua rangi upande wa chini, na katapila la theluji linalogonga nguzo. Kikigongwa, mahali panapopasuka mara nyingi ni shingoni, pale kibao kinapokaa juu ya nguzo. Vya shaba nyeusi vina adui mwingine: mwizi wa vyuma chakavu. Alumini haimvutii kiasi hicho.

Kama kifaa cha barabarani, basi, kimeundwa vyema. Ila fanya hesabu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Maneno ya kibao hiki ni machache, lakini kuyasoma kwa utulivu kunataka sekunde kumi na zaidi, yaani zaidi ya mita 220 za barabara. Hakuna dereva atakayeyasoma akiwa kwenye mwendo, na asijaribu. Kichwa cha habari ndicho kinachomfikia. Mengine ni ya aliyeegesha.

Na aliyeegesha anaambiwa nini? Kwamba jenerali alizikwa hapa 1755 baada ya kushindwa vibaya, kwamba mifupa ilihamishwa 1804, na kwamba kaburi la kwanza, kaburi la pili na mabaki ya barabara yake vyote vinaonekana hapa. Yote ni sahihi. Tena kutaja makaburi mawili katika maneno machache namna hiyo ni ufundi. Kasoro ni kwamba hakisemi kwa nini yawe mawili, hakisemi nani alimshinda, na hakionyeshi kidole ni upande gani lilipo lile la kwanza. Mgeni anaona mnara, anadhani amemaliza.

Mnara ni wa granaiti, umezungushiwa uzio, ulizinduliwa tarehe 15 Oktoba 1913, huku maofisa wa Coldstream Guards, kikosi alichotumikia Braddock tangu ujana wake, wakiwa wamekuja kutoka Uingereza kushuhudia. Una mabamba ya shaba nyeusi kila upande. Bamba kuu ndilo linalostahili dakika zako, kwa sababu linaeleza kile ambacho kibao cha barabarani kimekosa nafasi ya kukieleza: kwamba Braddock aliongoza regimenti za 44 na 48, akajeruhiwa katika vita vya Monongahela tarehe 9 Julai 1755 akipigana na Wafaransa na wenyeji asilia chini ya Kapteni Beaujeu, kisha akabebwa na jeshi lililokuwa likirudi nyuma hadi kambini, robo maili magharibi ya hapo, akafia kambini humo.

Bamba hilohilo lina jambo la kulitilia shaka. Linamwita George Washington luteni kanali, aliyesoma sala za maziko. Kusoma alisoma, kwa kuwa kasisi wa jeshi alikuwa amejeruhiwa. Cheo ndicho chenye mushkeli. Washington alikuwa na cheo katika kikosi cha Virginia mwaka uliotangulia, akajiuzulu. Katika safari hii ya 1755 alikuwa msaidizi wa kujitolea wa jenerali, hana hati ya cheo kutoka jeshi la mfalme, na jambo hilo lilimuuma. Alikuwa na umri wa miaka 23. Risasi nne zilipenya koti lake siku ya vita na farasi wawili wakauawa chini yake, yeye hakuguswa. Mshipi mwekundu wa hariri wa Braddock alibaki nao, na umehifadhiwa hadi leo Mount Vernon, nyumbani kwake.

Ukimaliza mabamba, shuka bondeni. Ni mwendo wa dakika chache tu, lakini vaa viatu vyenye meno, kwa kuwa nyasi zenye umande na majani yaliyodondoka huteleza, na mvua ikinyesha bonde hushika maji. Utaona ufa mpana wa ardhi uliozama, umefunikwa nyasi, unaopinda kuingia mitini. Usingeambiwa ungedhani ni mfereji uliosahauliwa. Hiyo ndiyo barabara ya Braddock. Alama ndogo inaonyesha mahali pa kaburi la kwanza, na mahali hapo ni katikati ya njia.

Si kwa bahati mbaya. Walimzika barabarani makusudi, kisha jeshi zima likapita juu: askari, farasi, magurudumu ya mikokoteni, mpaka udongo uliofukuliwa ukalingana na uliobaki. Waliogopa kwamba wanaowafuata wangeifukua maiti na kuinyofoa ngozi ya kichwa. Msomaji wa Iringa hahitaji kuelezwa hofu hiyo ilikuwa na maana gani: kichwa cha Mkwawa, mtemi wa Wahehe, kilikatwa baada ya kifo chake mwaka 1898, kikapelekwa Ujerumani, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954.

Siri ya kaburi la Braddock ilikaa karibu miaka 50. Mwaka 1804 vibarua waliokuwa wakitengeneza barabara walifukua mifupa ya mtu, pamoja na vifungo vya sare ya kijeshi. Kwa vifungo hivyo, na kwa mahali penyewe, wakasema ni jenerali. Mifupa mingine ilichukuliwa kuwa kumbukumbu, iliyobaki ikazikwa juu ya mwinuko, pale uliposimama mnara leo. Hapo ndipo kibao kingeongeza neno moja la uangalifu. Utambuzi wa vifungo si utambuzi wa jina, na kilichomo chini ya granaiti hakikuwa mifupa yote hata siku kilipozikwa upya.

Simama katikati ya ule ufa wa nyasi, nyosha mikono, kisha hesabu hatua za kwenda upande wa pili. Barabara ilichongwa kwa upana wa futi 12, yaani mita 3.7. Mikokoteni miwili haipishani humo. Njia hii ilikatwa kwa shoka kutoka Fort Cumberland, Maryland, kupita juu ya milima na katikati ya misitu, ili mizinga ipite. Siku nyingine msafara ulisogea kilomita tatu tu. Ukiwa umesimama hapo unaelewa kwa mwili kile ambacho kibao chote hakiwezi kukueleza: nini kilimuua Braddock.

Mwezi Juni aliacha mizigo mizito nyuma na kutangulia na watu wapatao 1,300. Siku ya 9 Julai walikuwa wamekwisha kuvuka Monongahela, maili kama kumi kufika ngomeni, walipokutana uso kwa uso na Wafaransa na wenyeji asilia wapatao 900, wengi wao wakiwa wapiganaji wa makabila ya Ottawa, Ojibwe, Potawatomi, Shawnee, Lenape na wengine. Beaujeu aliuawa mapema. Haikusaidia kitu. Wapiganaji walitawanyika pande zote mbili za njia, kila mtu na mti wake. Kikosi cha mbele cha Waingereza kikarudi nyuma, kikosi kikuu kikawa kinasonga mbele, vikagongana ndani ya ile njia ya mita 3.7. Wakawa rundo. Magobore yao yalifyatuliwa kwa pamoja kuelekea moshi, na wengine walipigwa na wenzao waliokuwa nyuma. Maofisa waliokuwa juu ya farasi walilengwa mmoja mmoja: kati ya 86, waliouawa au kujeruhiwa ni 63. Kwa jumla Waingereza walipoteza, kwa kufa na kujeruhiwa, karibu watu 900. Braddock alibadilisha farasi baada ya farasi, mpaka risasi ilipompitia mkono na kuingia mapafuni.

Kuna sababu ya pili, nayo haipo kwenye kibao wala kwenye shaba ya mnara. Kabla ya safari, Shingas, kiongozi wa Lenape, alimwuliza jenerali ardhi itakuwa ya nani Wafaransa wakishafukuzwa. Kwa maelezo ya Shingas mwenyewe, alijibiwa kwamba hakuna mshenzi atakayeirithi. Wapiganaji wakaondoka. Braddock aliingia msituni akiwa na wapelelezi wenyeji wanane tu. Kibao kinachosema "kushindwa vibaya" bila kutaja waliomshinda kinakuachia nafasi ya kudhani kwamba alishindwa na miti.

Hapa ndipo tunaposhindwa kuizuia akili isiende Lugalo. Kando ya barabara ya Iringa kwenda Morogoro upo mnara wa Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani aliyeitwa Nyundo, aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa tarehe 17 Agosti 1891. Mpangilio ni uleule: msafara mrefu katika njia nyembamba, vichaka pande zote, kamanda asiyeamini kwamba anaviziwa, askari ambao wengi hawakupata nafasi ya kufyatua zaidi ya risasi moja mbili kabla ya mikuki kufika. Na jiwe ni lilelile pia, lina majina ya walioshindwa. Tofauti ni kwamba kwetu jina la ushindi limehama jiwe: Lugalo ni jina la kambi ya jeshi na hospitali Dar es Salaam, kila dereva wa daladala analijua. Pennsylvania, mji uliojengwa juu ya uwanja wa vita umepewa jina la aliyeshindwa. Waliokwisha kusimama Lugalo wataisoma US 40 kwa jicho kali zaidi, na tunashauri kinyume chake pia kwa wanaopita Iringa.

Kuhusu huduma, mambo ni machache. Kaburini hakuna mtu wa kukupokea, na mahitaji yote yako kituo cha wageni cha Fort Necessity, maili moja mashariki: vyoo, ramani, maonyesho, walinzi wa hifadhi wa kuulizwa maswali. Waulize, wanajua mengi kuliko vibao. Hifadhi iko wazi kuanzia mawio hadi machweo. Mtandao wa simu milimani huyumba, kwa hiyo pakua ramani ukiwa bado mjini. Mzee anayetembea kwa mkongojo ataufikia mnara bila shida kubwa, lakini bondeni ardhi si sawa na hakuna pa kushika. Watoto huchoshwa na mabamba na hufurahia ule ufa, basi anza nao huko. Tenga dakika 40. Kwa picha, mabamba ya shaba hung'aa jua likiwa utosini na maneno hayasomeki. Asubuhi au alasiri, mwanga ukija wa kando, herufi huinuka zenyewe.

Kwa kipimo cha nyota tano, mahali tunapapa nne na nusu. Kibao chenyewe tatu: ujenzi bora, maandishi sahihi, uelekezi haba. Kingetosha kwa mshale mmoja na maneno manne, "kaburi la kwanza liko bondeni", na kingepanda nyota nzima.

Ukiwa na siku nzima, usianze na kaburi. Fuata mfuatano wa mambo yenyewe. Anza Jumonville Glen, maili saba hivi magharibi kisha juu ya mlima, ambako tarehe 28 Mei 1754 kikosi cha Washington pamoja na Tanacharison, kiongozi wa wenyeji asilia, na watu wake waliwashambulia Wafaransa na ofisa Jumonville akauawa. Kisha rudi Fort Necessity, boma dogo la mviringo la magogo lililojengwa upya mahali pake, ambako Washington alisalimu amri tarehe 3 Julai mwaka huohuo kwenye mvua, baruti ikiwa imelowa. Kaburi liwe la tatu. Angalia tu kalenda kabla ya kupanga, maana wakati wa baridi njia ya Jumonville Glen hufungwa.